Burashi ya Mgongo wa Mama

Alhamisi, Novemba 2013, kambi ya Nakivale, Uganda

Mvua inanyesha tangu tulipoamka, na barabara ya kwenda senta, kwenye maduka, imekuwa uji mwekundu. Siku kama hii hakuna anayemletea fundi viatu. Nimefunga kibanda mapema, nimekaa chini ya turubai la jikoni na simu mkononi. Nimejaribu kulala, nikashindwa. Nimejaribu kusali, nikajikuta namsemesha Mungu kwa ukali. Sasa naandika.

Nimekasirika.

Nimemkasirikia jirani yetu, ambaye hapa nitamwita Mama Esta ingawa hilo si jina lake. Hasira hiyo ni ya zamani, nimeizoea kama jiwe dogo ndani ya kiatu. Lakini leo nimemkasirikia na mama yangu mzazi, mpaka nikatoka nje nikasimama kwenye mvua ili nisije nikamjibu vibaya zaidi ya nilivyokwisha kumjibu.

Niliporudi ndani, nguo zikinitiririka maji, nilimwuliza kama naweza kuandika habari hii mahali ambapo watu wanasoma. Alikuwa amerudi kwenye maharage yake, anachambua, hakuinua kichwa.

"Habari ya brosi, andika," alisema. Sisi wa Kivu, huko Kongo, burashi tunaiita brosi. "Ya mugongo yangu, acha."

Basi nitaandika habari ya burashi. Kuhusu mgongo nitasema tu kwamba una alama, kwa sababu hilo linajulikana tayari na kila anayechota maji upande wetu huu wa kambi. Na ni kwa sababu linajulikana mimi, fundi viatu, nikawa fundi wa burashi.

Bega la kulia la Mama liliumia mwaka tuliokimbia kutoka Fizi, nikiwa bado mtoto wa kubebwa. Lilipona vibaya. Mkono ule unashika jembe, unamenya ndizi, unasonga ugali, mradi kazi yenyewe iko chini. Haupandi juu ya kifua na hauendi nyuma. Wa kushoto ni mzima, lakini peke yake hauwezi kufika katikati ya mgongo, na hata wangu haufiki. Mtu anayelima kutwa nzima katika vumbi la Nakivale asipoweza kujisugua mgongo, ngozi yake itamwambia.

Mimi ndiye mtoto wake wa pekee, na ni mwanaume. Kwetu mtoto wa kiume hamwogeshi mama yake. Hilo halijadiliwi. Kwa hiyo kwa miaka mingi kazi hiyo ilikuwa ya Mama Esta. Alitoka vilima vya jirani na vyetu, waliimba sauti moja kwenye kwaya, na kila Jumamosi alikuja na kitambaa chake wakaingia pamoja kwenye bafu letu la majani nyuma ya nyumba. Niliwasikia wakicheka huko ndani. Nilimheshimu mama yule. Viatu vyake na vya wajukuu wake nilivishona bure, na kwa moyo mweupe.

Halafu ikaja ile siku ya bombani.

Nilikuwa kwenye foleni na dumu langu. Mbele yangu wanawake wawili nisiowafahamu walikuwa wanaongea juu ya mama fulani, mgongo wake ulivyo, alama zilivyokaa, wapi ni ndefu na wapi zimekutana. Waliongea kama watu wanaosimuliana habari ya nguo waliyoiona sokoni. Kisha wakasema ni akina nani waliomfanyia vile, na porini alikaa nao muda gani, na mengine. Nilikuwa namwonea huruma mama huyo wa watu. Ndipo mmoja akamtaja: ni mama wa yule kijana fundi wa viatu.

Sikuwahi kusikia neno hata moja kati ya yale. Mama hajawahi kunieleza. Nilikuwa najua bega, basi. Habari ya mama yangu nimeipata kwenye foleni ya maji, kutoka kwa watu ambao hata jina langu hawalijui.

Sitaandika walichosema. Nikikiandika, nitakuwa na tofauti gani na aliyewaambia?

Na aliyewaambia angeweza kuwa mmoja tu. Nilikwenda kwake siku ileile, dumu nikaliacha palepale bombani. Hakukana. Alisema aliyataja kwenye maombi ya akina mama, ili wamsaidie kumwombea. "Mi sikumusema vibaya, mwanangu," aliniambia. "Nilimuombea." Nadhani mpaka leo anaamini hivyo, na hapo ndipo ninapochemka. Mtu akikuibia akijua anaiba, unaweza kumwita mwizi mkamalizana. Huyu alichukua kitu cha ndani kabisa cha rafiki yake akakipitisha mkono kwa mkono kanisani, halafu akafunga macho akasema amina.

Mama hakuambiwa na mtu. Jumapili iliyofuata alizisoma nyuso. Alirudi nyumbani kabla ya mahubiri kwisha, na Jumamosi Mama Esta alipokuja na kitambaa chake alimkuta Mama amekaa mlangoni. Sijui walisemezana nini, nilikuwa kibandani. Tangu siku hiyo Mama hakukubali tena mwanamke yeyote aingie naye bafuni, hata dada wa mbali tuliyemtafuta kambi ya Oruchinga.

Akaanza kujificha. Kanisani akawa anakaa benchi la mwisho kabisa, karibu na mlango, baadaye nje chini ya dirisha, baadaye haendi. Upele ukamtoka. Siku moja nilirudi ghafla nikamkuta anajikuna mgongo kwenye nguzo ya mlango, anajisugua juu na chini kama ng'ombe, macho ameyafumba. Nilirudi nyuma taratibu nikaanza kuimba kwa sauti ili ajue naja.

Nikikumbuka nguzo ile, hasira inanirudia upya.

Hapo ndipo nilipoanza kazi ya burashi.

Ya kwanza ilikuwa ujinga mtupu. Nilichukua kijiti kirefu cha mkaratusi nikapigilia burashi ya kufulia kwenye ncha yake. Mti haupindi, na mgongo wa mtu una mabonde na milima. Ilimgonga kwenye mfupa wa bega, ikaruka katikati, na pale ilipofika ikakwaruza. Mama alitoka bafuni akanirudishia, na kwenye kitenge chake niliona damu kidogo. Niliivunja kwenye goti langu.

Nikajua kwamba inatakiwa kitu kinachopinda. Nilikata mpira wa ndani wa baiskeli nikatengeneza mkanda mrefu wenye vishikio viwili, wa kuvuta huku na huku nyuma ya mgongo kama watu wanavyojikausha na taulo. Nilijijaribu mwenyewe, ukafanya kazi vizuri ajabu. Nilitoka bafuni natabasamu. Halafu nikampa Mama, akaushika na mkono wake wa kushoto, akaniangalia, akasubiri nielewe mwenyewe. Mkanda ule ulitaka mikono miwili inayopanda. Nilikuwa nimetengeneza burashi ya mwili wangu.

Nikajaribu kutia waya ndani ya mpira, ili upindike vile unavyotaka ukae hivyohivyo. Ulipinda na ukakaa. Lakini maji yaliingia, waya ukashika kutu, ncha yake ikatoboa mpira. Bahati nzuri niliiona kabla Mama hajaitumia tena.

Jibu lilikuwa mikononi mwangu siku zote, kwenye kandambili za tairi ninazowashonea wakulima. Ubavu wa tairi la pikipiki ni mgumu lakini unakubali kupinda, na ukishapinda unataka kurudi. Nilikata kipande kirefu, nikakichonga kwa kisu kiwe kinene upande wa kushika na kizidi kuwa chembamba kuelekea nchani. Kitu cha namna hiyo kikipita juu ya bega kinainama chenyewe na kuufuata mgongo. Huna haja ya kukisukuma. Ukikipitisha kwa chini, chini ya kwapa, kinazunguka na kulala kwenye kiuno. Kwenye kishikio nikashona ngozi, na kitanzi cha kupitisha kiganja, kwa sababu mkono wenye sabuni unateleza.

Yakabaki manyoya. Burashi zote za dukani zilikuwa ngumu, na ngozi ya makovu ni nyembamba kuliko ngozi nyingine. Katani niliipondaponda na kuichemsha, bado ikawasha. Dodoki linaota kwenye uzio wetu, ni laini, lakini likishonwa kwenye mpira unaopinda linakatika vipande. Ndipo nikaitazama burashi yangu ya kung'arishia viatu, ya zamani, yenye nywele za mnyama. Nilijipitishia shavuni, ikawa laini.

Nikapanda gari la Mbarara.

Kwanza niliingia kwenye maduka, labda mjini wanayo iliyo tayari. Mwenye duka moja alinisikiliza akiwa na wateja wake wamekaa. "Ssebo, ya mwili hapana iko," alisema, akiniita bwana kwa lugha yao. "Iko ya viatu, iko ya choo. Nataka ya choo?" Wakacheka wote. Nikatoka.

Nikaenda machinjioni. Nchi hii ni ya ng'ombe wenye pembe ndefu na mikia mirefu, na nywele za mkia hakuna anayezila. Niliwaomba vijana wa pale wanipe za kutupwa. Mmoja akaniuliza natoka wapi. Nikasema Nakivale. Nilimwona anavyobadilika.

"Nyinyi watu ya kambi nataka mukia ya nini?" aliniuliza. "Nataka kuroga nani?"

Alinishika ukosi wa shati akanisukuma mpaka getini, na mwingine akanitemea mate karibu na mguu. Nilikuwa na hasira ya kutosha kumpiga. Nilikuwa pia na akili ya kutosha kujua kwamba mkimbizi akipigana mjini, ni yeye atakayelala ndani hata kama hakuanza. Nikameza. Mambo mengi nimemeza katika nchi hii, lakini lile lilipita koo kwa shida, kwa sababu nilikuwa nimeenda kutafuta usafi kwa ajili ya mama yangu, na nikaondolewa kama mchawi.

Nje ya geti palikuwa na mama mmoja anaosha matumbo kwenye karai. Alikuwa amesikia yote. Aliniita, akaniuliza ukweli ni nini. Nikamwambia Mama yangu mkono wake haupandi, nataka kumtengenezea kitu cha kujisugua mgongo. Sikusema zaidi, na hakutaka zaidi. Aliingia ndani huku mikono inadondosha maji, akabishana nao kwa Kinyankore, akatoka na mikia imefungwa kwenye jani la mgomba.

"Osha na sabuni mingi," aliniambia. "Inanuka sana. Mama yako, msalimie."

Akaendelea kuosha matumbo yake. Huyo naye alijua jambo moja kuhusu mama yangu, na nina hakika halikutoka pale getini.

Niliosha nywele zile, nikazichemsha, nikazianika, nikaziosha tena mpaka harufu ikaisha. Nilitoboa mpira kwa msharasi, ile sindano nene ya kazi yetu, tundu baada ya tundu. Katika kila tundu nilipitisha kishungi cha nywele kilichokunjwa katikati, nikakivuta kwa uzi uliopakwa nta. Kisha nikafunika mgongo wa burashi kwa tabaka jingine la mpira, ili uzi usiguse maji na fundo lisiguse ngozi. Kazi hiyo iliniumiza vidole kuliko kiatu chochote nilichowahi kushona.

Mama aliipokea akaipindapinda. Akaingia nayo bafuni. Mimi nilikaa mbele ya nyumba, nimetazama barabarani, nasikiliza maji. Alikawia. Alikawia mpaka nikaanza kuogopa. Alipotoka, kanga imeshikamana na mgongo, alisimama mbele yangu na uso ambao sijauona tangu utoto wangu.

"Inafika," alisema.

Upele ukaisha. Akarudi kanisani, kwanza nje chini ya dirisha, kisha benchi la nyuma, kisha mahali pake pa zamani. Burashi akaitundika kwenye msumari juu ya kitanda chake, si bafuni, ili isiguswe na mtu.

Leo nimerudi kutoka kibandani nikakuta msumari mtupu.

Nilidhani imeibiwa. Nilianza kutoka nje kuuliza majirani. Mama akaniambia nikae. Amempa Mama Esta.

Nilimwomba arudie, nikidhani mvua kwenye bati imenichanganyia maneno. Akarudia. Asubuhi, katika mvua hii, ameifunga kwenye mfuko na ameipeleka mwenyewe kwa miguu yake.

Mama Esta anaumwa. Hilo nilikuwa nalijua na nilikuwa silijali. Baridi yabisi imemshika mabega na vidole, hawezi hata kujifunga kilemba. Anayemwogesha ni mke wa mwanawe. Na huyo mkwe, Mama anasema, jana alikuwa bombani anawaeleza wenzake jinsi anavyomsugua bibi yule, mwili wake ulivyo, unavyonuka, unavyoning'inia. Watu wakacheka. Mama alikuwa nyuma yao kwenye foleni.

"Mama," nilimwambia, "ni yeye alikusema."

"Najua ni yeye."

"Alikusema mbele ya kanisa nzima."

"Na sasa banamusema yeye. Nilikuwa pale ku robine ya maji, nikasikia vile banacheka. Fasi ile, pale banakucheka, mi naijua. Ningemuacha pale namna gani?"

Hapo ndipo nilipopandisha sauti. Nilimwambia amuache, aonje. Nilimwambia ile burashi haikuwa ya kugawa, kwamba nilishikwa ukosi kwa ajili yake, kwamba Mama Esta hajawahi kumwomba msamaha hata mara moja. Na kwa kuwa ulimi ulikuwa umeshakimbia, nikayasema na yale niliyoyasikia kwenye foleni. Yote. Sikuwahi kumtajia kwamba nimeyasikia. Nikamwuliza ni kweli au si kweli.

Mkono wake ulisimama juu ya maharage.

Nilitamani nizirudishe sentensi zile kinywani moja moja.

"Ingine ni kweli," alisema. "Mingi ni uongo. Siku nitaona ni vema nikuambie, utaisikia kwangu, na utakuwa wa kwanza. Leo hapana."

Hakuwa amekasirika. Aliongea vile anavyoniambia chumvi imeisha. Nikatoka nje.

Nimesimama kwenye mvua mpaka nikatetemeka. Nilitaka kumchukia Mama Esta kwa amani, na sasa hata hicho nimenyang'anywa, kwa sababu kila nikimfikiria namwona ameshika burashi yangu kwa vidole vyake vilivyokakamaa, anajitahidi kufikia mgongo wake peke yake mlango umefungwa. Mama anasema mwenzake alilia alipoipokea. Sikumwuliza. Alinieleza tu, na mimi nikajifanya nakamua maji kwenye shati.

Je, ni mimi niliyekuwa na haki ya kukasirika muda wote huu, au nilimkopa Mama hasira ambayo yeye alishaimaliza? Sijui. Najua kwamba haijaisha kwangu. Kusamehe ni kwake, mgongo ni wake. Lakini mimi ndiye niliyemwona kwenye nguzo ile.

Nina kipande cha tairi kizuri nilichokuwa nimekiweka kwa kandambili za mtu. Nimeanza kukichonga. Nadhani mkono wa Mama safari hii nitaufanyia kishikio kirefu kidogo, na kitanzi kipana. Manyoya sina. Barabara ikikauka kesho nitapanda gari la Mbarara, nitapita moja kwa moja kwenye geti la machinjioni nimtafute yule mama wa karai, na safari hii nitamwuliza jina lake.

Mama ameniomba jambo moja kabla hajaenda kulaza kuku: nikikutana na Mama Esta njiani, nimsalimie. Nitamsalimia. Nitasimama, nitatoa mkono, nitamwuliza habari za afya. Zaidi ya salamu, kwa sasa, asitegemee.